Bakuli Lisilo na Jina

Jumatatu, 9 Oktoba

Wiki ya sita tangu nimzike mume wangu, Harlan. Leo nimepanga mabakuli ya watu mezani. Saba! Chakula kilikwisha zamani — kingine nilikula, kingine, Mungu anisamehe, nilimwaga. Yote nimeshayaosha. Kila bakuli lina plasta chini yenye jina, ndiyo desturi yetu: ukipeleka chakula msibani unaandika jina, mfiwa atalirudisha akipata nguvu.

Nguvu ninazo. Nimeyakalia tu. Yakiisha, nani atakuwa na sababu ya kunigongea mlango? Na mimi nitamgongea nani, kwa kisingizio gani?

Lakini nimechoka kuongea na friji. Keshokutwa naanza. Na niseme ukweli, maana hapa hapasomi mtu: nataka mmoja wao aniambie, "Ingia, Verna, ukae." Mmoja tu!

Jumatano, 11 Oktoba

La kwanza, Ruthanne. Nyumba ya tatu kutoka kwangu, mtaa huu huu wa Elm, jina la mti — miti yenyewe ilikufa kabla sijaolewa, jina likabaki.

"Kumbe lipo!" akasema. "Nilidhani umeshaotesha maua humo, shoga."

Tumecheka. Kisha tukasimama. Yeye ndani ya mlango, mimi nje. Televisheni yake inaongea peke yake sebuleni. Akasema nikihitaji chochote nisisite. Wote husema hivyo. Chochote! Sijui hicho chochote kinauzwa duka gani.

Dakika nne. Nilikuwa nimevaa hereni.

Jumamosi, 14 Oktoba

Matatu kwa siku moja. Gari sikulihitaji. Jiji letu hili — tunaliita jiji, tuna meya na kila kitu — ukipiga chafya kwenye usukani umeshatoka, uko jiji la wenzako. Nimetembea hadi chini ya tangi la maji, nikarudi kwa njia ya maktaba.

Mzee Dunleavy, wa baraza la jiji, alikuwa anapeperusha majani na mashine yake. Hakuizima, aliipunguza tu. "Pole sana, mama! Harlan alikuwa mtu!" Alipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Nikampa bakuli, akalipachika kwapani, mashine ikapanda tena.

Wale dada wawili wa kwaya walinishukuru kwa pamoja, mlango ukiwa umefunguliwa robo. Paka asitoke, wamesema.

Soledad, yule jirani mpya wa kona, alikuwa kazini. Nimeliweka bakuli lake barazani, nikaondoka. Nilipata nafuu, sijui kwa nini.

Jumanne, 17 Oktoba

Mawili mengine. Hakuna aliyesema ingia. Sitaki kuandika zaidi.

Jumapili, 22 Oktoba

Limebaki moja, nalo halina jina! Plasta ipo, wino umeoshwa wote. Bakuli la kioo kama la kila mtu hapa, sote tulinunua duka moja. Nilikikuta barazani asubuhi baada ya mazishi, chakula hicho, kimefunikwa foili. Nyama na wali ndani ya majani ya kabichi, na mchuzi wa nyanya. Chakula pekee nilichokimaliza. Nilikila kwa siku tatu, nimesimama kwenye sinki.

Leo baada ya ibada nimelinyanyua juu mbele ya watu wote. "Nani mwenye bakuli hili?"

Ruthanne: "Likikosa mwenyewe, mimi nipo!"

Kicheko. Kahawa. Wakatawanyika kwenye magari yao. Nilipotaja kabichi, mmoja wa wale dada wa kwaya amesema hicho ni chakula cha watu wa ng'ambo ya reli, wale wa kiwanda cha maboksi. Akakunja pua kidogo. Kiwanda kimefungwa miaka kumi na mitano, pua bado inakunjwa.

Nimerudi nalo. Nimefurahi kurudi nalo, kusema kweli. Bado nina mlango mmoja.

Jumatatu, 30 Oktoba

Mvua. Simu haijalia tangu Alhamisi, na ya Alhamisi ilikuwa ya watu wa kuuza madirisha. Nimewaacha waongee. Nikawauliza na maswali.

Alhamisi, 2 Novemba

Ee Mungu wangu.

Nilitaka kubandika plasta mpya, nikaibandua ile ya zamani kwa maji ya moto. Chini yake kuna nukta nyekundu. Rangi ya kucha. Yangu! Zamani, kabla hatujaanza mambo ya plasta, vyombo vyangu vyote nilivitia nukta. Harlan alikuwa akinitania: mke wangu anapaka kucha masufuria.

Nilirudishiwa bakuli langu mwenyewe na sikulijua.

Na nalijua lilikokuwa. Kwa Irma Jasinski, ng'ambo ya reli. Tumepakua chakula pamoja shuleni miaka kumi na tisa, bega kwa bega, Irma na mimi, nyavu kichwani. Mume wake Kaz alikufa majira ya baridi, mwaka wa nne sasa. Nilipika tambi za jibini nikampelekea. Nikafika mlangoni, nikamsikia ndani analia. Si kulia kwa kawaida — kama mtu anayebeba kitu kizito. Nikaogopa. Nikaliweka barazani, nikabonyeza kengele, nikakimbilia gari kwenye theluji kama mwizi.

Jioni nikampigia. Nikamwambia, nitakuja kulifuata bakuli, tutakaa.

Nitakuja! Reli iko dakika tano kutoka hapa. Miaka minne sikuivuka.

Nimezunguka mwezi mzima nikiwanunia watu milangoni mwao. Aibu imenipanda mpaka masikioni. Na yeye alikuja. Akapika, akaja, akaliweka barazani, akaondoka. Labda alinisikia.

Ijumaa, 3 Novemba

Sikwenda.

Jumapili, 5 Novemba

Sikwenda. Baada ya ibada nimemuuliza Ruthanne kama humwona Irma. "Irma yupi?" Kisha: "Aa, yule wa jikoni shuleni! Yupo hai?"

Nimenunua tambi na jibini.

Jumatatu, 6 Novemba

Saa tisa alasiri. Niko ndani ya gari, mbele ya kwa Irma. Daftari kwenye usukani, bakuli mapajani, nimelifungia taulo. Tambi zile zile.

Treni ya mizigo ilinizuia kwenye kivuko, mabehewa hayaishi. Nilishaweka gia ya kurudi nyuma. Likapita la mwisho, kizuizi kikapanda, na nyuma yangu mtu akapiga honi. Basi nikavuka. Nimevushwa na honi.

Nyumba ni ile ile. Rangi imebanduka upande wa reli. Kiti kimoja barazani. Vilikuwa viwili.

Nimekaa robo saa. Naandika kwa sababu mikono inatafuta kazi. Nitaanzaje? Samahani kwa miaka minne? Nimekuletea bakuli ulilonirudishia? Nikilia yeye akanitazama tu? Irma hana maneno laini, hakuwa nayo hata enzi zile. Mkuu wa shule alikuwa akimwogopa.

Pazia limesogea.

Ametoka. Amesimama kwenye kizingiti na ndala na sweta ya Kaz, mikono kaikunja. Amekuwa mfupi! Nimeteremsha kioo kidogo.

"Verna! Unaingia, au umekuja kuliweka barazani tena?"

Hacheki. Mlango nyuma yake uko wazi, joto lote linatoka. Bakuli linanichoma mapajani na sijui kitasa cha gari kiko w—