Bega la Mbele Kulia

Babu,

Kabla hujauliza: ndiyo, mjukuu wako bado ndo bega namba moja Unguja nzima, kuanzia Nungwi mpaka kwenu Makunduchi, na anayebisha alete shahidi. Ngome Kongwe ingekuwa na vishikio, wallahi ningeibeba asubuhi, nkaitua Makunduchi kabla ya adhuhuri, na jioni nkarudi mjini kula urojo, shati halina hata tone la jasho. Juzi nimepandisha kabati la bibi harusi ghorofa ya tatu kule Kiponda, ngazi zenyewe zimepinda kama mkia wa paka, peke yangu. Haya, tulikuwa wawili. Lakini yule mwenzangu kazi yake ilikuwa kusema "taratibu, taratibu".

Najua ungekuwepo hapo barazani ungecheka mpaka kofia ianguke, halafu ungenambia lile neno lako: "Mcha, weye unabeba masanduku yenye magurudumu."

Ndiyo, mkokoteni bado ninao. Bado nnawasubiri watalii bandarini, kwa kuwa gari haziingii vichochoroni, nnawapeleka mpaka mlangoni mwa hoteli. Hilo halijabadilika. Mengine yamebadilika, tena nakwambia pole pole usije ukakasirika. Shangazi Tatu amepaka baraza yako rangi ya kijani. Mie nlimwambia Babu hapendi kijani, akanambia Babu sasa hana la kupenda, kisha akaenda jikoni na hakutoka mpaka magharibi. Bwana Kanji wa dukani ameuchukua ubao wa keram, anasema anautunza. Anacheza peke yake, Babu, mkono wa kulia na mkono wa kushoto, na nimemuona kwa macho yangu akijiibia. Kikombe chako cha kahawa kiko pale pale. Hakuna anayekinywea, hakuna anayekiondoa.

Na Idrisi kesharudi kwao.

Huyo ndo alonifanya nkuandikie. Mie kuandika si kazi yangu, unajua, skuli nliachia fomu tu, kidato cha pili, na mwalimu alisema mwandiko wangu ni kama kuku aliyekanyaga wino. Lakini kaniuliza jambo na siwezi kumjibu kabla sijasema na weye.

Unaikumbuka siku aliyokuja? Jina lake Joris, Mholanzi, miaka kumi na tisa, mrefu mpaka akagonga kichwa mlangoni kabla hajapiga hodi. Watu wa lile shirika linaloleta vijana kujitolea walimkodia chumba cha juu kwa Shangazi. Weye ukamwita Idrisi papo hapo, na yeye, masikini, akaitika "naam" kama tulivyomfunza garini. Nlimfunza mie. Kila kitu anachokijua yule Mzungu kuhusu Zanzibar kimetoka kwangu, isipokuwa kile kimoja.

Nkakufahamisha kwamba kamaliza skuli kwao, chuo bado hajaanza, kachukua mwaka mzima apumzike, na anapumzikia huku kwetu. Ukaniuliza, "Kachoka na nini? Alikuwa anachuma karafuu Kizimbani?"

Nkasema, "La, Babu, alikuwa anasoma."

"Kusoma tu?"

Nkakwambia basi mie ndo bingwa, nna miaka minne napumzika na hakuna Mzungu aliyenfikia. Ukanipiga na kandambili.

"Na huko kujitolea ndo nini?"

Kufanya kazi bila ya malipo, Babu. Na kuna watu kwao kawalipa ili wampangie safari. Ukamtazama Idrisi kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto mwenye homa. Ukasema, "Katoa pesa ili afanye kazi bure. Tatu! Mtilie huyu mtoto chai nzito."

Akapelekwa kusomesha Kiingereza skuli ya chekechea. Alikwenda na gitaa lake na wimbo wa kutaja viungo vya mwili, kichwa, mabega, magoti, kajizoeza wiki nzima chumbani mpaka Shangazi akaomba msaada kwa Mungu. Siku ya kwanza karudi saa nne, uso mwekundu. Watoto wanaujua wimbo! Aliyekuja kabla yake kawafunza, na aliyekuja kabla ya huyo kawafunza, wanauimba kwa lafudhi za Wazungu wa kila nchi, na katoto kamoja kakamsimamisha katikati kakamwambia, "Mwalimu, umeruka mabega." Mie nlicheka mpaka nkakaa chini. Idrisi hakucheka. Aliendelea kwenda, kila siku anakwenda, anafuta ubao, anawafunga watoto kamba za viatu. Halafu siku moja akakaa hapo barazani karibu yako, akasema kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno, "Babu, mimi hapa sina kazi. Mimi nimekuja kusaidia, na wao wananisaidia mimi."

Mie nlikuwa nshaandaa kichekesho. Weye ukamuuliza, "Una mabega?"

Akadhani unamtania kwa ule wimbo. Akasema, "Ndiyo, Babu."

"Basi vaa suruali ndefu, twende."

Ukampeleka mazikoni hapa mtaani Malindi, kwa mtu ambaye hata weye humjui. Mie nlifuata nyuma na mkokoteni wangu. Huo ndo ulikuwa mchezo wako maisha yako yote. Ukisikia kuna maziko, awe tajiri awe muuza ndimu, weye huyo, kofia kichwani. Shangazi alikuwa akikwambia, "Unawazika watu hata majina huyajui," nawe unasema jina wanalo wenyewe.

Wenzetu waliingia msikitini, Idrisi akabaki nje kulinda viatu. Jeneza lilipotoka ukamshika mkono. Nakumbuka ulivyomfunza, kwa sababu mie ndo nlikuwa natafsiri, na maneno mengine sikuyatafsiri, aliyafahamu mwenyewe: usiombe nafasi. Ingia mbele, weka bega, tembea. Ukiguswa mgongo, mpishe mwenzio. Usigeuke kumtazama nani kakupokea.

Mzee mmoja akaguna, "Huyu naye?" Ukamjibu, "Kaja kujitolea." Yule mzee akamgusa Idrisi mgongoni, akampokea.

Tukarudi na yule kijana. Njia nzima ameshika bega lake. Mie nkasema ananogesha tu. Ukanigeukia, mbele ya Bwana Kanji, mbele ya Idrisi, ukanambia, "Na weye, bega namba moja, nakuona unavyojificha nyuma ya mkokoteni wako. Siku yangu usijifiche. Mbele kulia ni pako. Hata ukinenepa, pako."

Nami nkakujibu, na Bwana Kanji bado hunikumbusha: "Babu, siku yako ntakubeba peke yangu, mkono mmoja weye, mkono mmoja chai."

Ulicheka. Ulicheka vizuri, Babu.

Haikupita miezi mingi. Ulikuwa unatia udhu uani, Shangazi akasikia kopo limeanguka. Ilikuwa asubuhi, na alasiri tukakutoa nyumbani.

Sasa sikiliza nkuhadithie maziko yako, kwa maana hukuyaona vizuri, na Mji Mkongwe haujapata maziko yaliyopangwa kama yale. Nani aliyewaondoa wenye vespa kichochoroni? Mie. "Pisheni! Pisheni! Huna haya, babu wa watu anapita!" Sauti yangu ilifika Darajani kabla yako. Nani aliyemwambia dereva wa gari la kukupeleka kwenu Makunduchi arudi nyuma, akate kushoto, aweke kivulini? Mie. Nani aliyetafuta mikeka, aliyegawa maji, aliyemfokea yule kijana wa hoteli aliyekuwa anapiga picha mpaka simu ikamuanguka? Mjukuu wako. Watu walikuwa wengi, Babu. Wote ulowabebea watu wao walikuja. Walikuwa wanakupokezana upesi upesi, unapita juu ya mabega kama huna mwenyewe, yaani kama wenyewe wako ni wote. Bwana Kanji alishusha mlango wa duka nusu, akavua viatu, akakufuata nyuma mpaka Darajani. Na Idrisi aliingia. Hakuomba nafasi. Nlimuona kwa mbali, kichwa chake kimewazidi wote, uso umelowa, akiguswa mgongo anapisha, kisha anazunguka mbio anaingia tena.

Makunduchi nako, gari lilipofika, ami zangu wakakushusha, na njia ya makaburini ni nyembamba ya mawe. Mie nkaenda kutafuta majembe. Majembe yalikuwepo. Nkaenda kuyatafuta mengine.

Baada ya hapo mwaka wa Idrisi ulikwisha. Nlimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Sanduku lake nimelibeba begani, magurudumu yake sikuyataka. Kaja mwengine chumba cha juu, msichana wa Kijerumani, mpole, juzi tu kaniuliza kama watoto wa chekechea watapenda wimbo wa viungo vya mwili. Nkamwambia wataupenda sana.

Sasa Idrisi kaniletea ujumbe wa sauti kwenye simu. Yuko chuoni, kunanyesha, unasikia mvua mpaka kwenye simu. Kiswahili chake kimeanza kuota kutu lakini bado ni cha kwetu. Anasema: "Mcha, hapa watu wananiuliza, mwaka wako ulikuwa vipi, ulijenga nini Afrika? Mimi nasema, nilimbeba Babu. Wao wanacheka, wanafikiri mimi nilikosea neno. Wewe unajua. Wewe ulikuwa mbele kulia, mimi nilikuwa nyuma, sikukuona, watu wengi. Bega langu bado linajua Babu. Bega lako je?"

Nimeusikiliza ule ujumbe mpaka Shangazi kaniambia ama nimjibu kijana wa watu ama anitupie simu kisimani. Mie, Babu! Mie ambaye sijawahi kukosa jibu tangu nizaliwe.

Jana nlikuwa napita na mizigo ya watalii, mume na mke, masanduku sita, utadhani wanahama. Kichochoroni Mkunazini nkasikia watu wanakuja wanataja jina la Mungu. Jeneza. Nkausukuma mkokoteni ukutani kama kawaida, nkasimama nyuma yake kama kawaida. Kisha sijui. Miguu ilikwenda. Nkawaacha watalii na masanduku yao sita, nkaingia mbele, nkaweka bega.

Si uzito, Babu. Nlidhani ni uzito. Mie nlikuwa nakimbia uzito, nadhani nkishakuhisi begani basi umekufa kweli, na maadamu sijakuhisi labda uko barazani unakunywa kahawa. Kumbe mtu ni mwepesi. Friji ni zito kuliko mtu. Kabati la bibi harusi ni zito kuliko mtu. Yule hata simjui ni nani, na nlilia kichochoro kizima, nalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni, mpaka nkaguswa mgongo na sikupisha, wakanigusa tena. Mzee mmoja akanivuta pembeni, akanambia, "Pole sana, kijana. Alikuwa nani wako?"

Nkasema, "Babu yangu."

Nilirudi nkawakuta watalii wamekaa juu ya masanduku. Mke akanipa chupa ya maji. Sikumtoza chochote, na usiulize kwa nini, usije ukanivunjia jina bandarini.

Basi kuanzia sasa, Babu, kila jeneza litakalopita nilipo, ntaingia. Mkokoteni utasubiri, watalii watasubiri, hata akiwa muuza ndimu. Sitauliza jina. Na nkimaliza kukuandikia nnamjibu Idrisi, kwa sauti yangu, siongezi kitu na wala sitanii. Shangazi anakusalimu. Bwana Kanji anasema usipokuja kucheza naye keram ni uoga. Lala, mzee wangu, Mungu akupanulie hapo ulipo, na uniombee hata kama nakuudhi.

Mie ndo Mcha, mjukuu wako, bega namba moja Unguja nzima. Palikuwa pangu, mbele kulia. Wamepita watu wa mji mzima pale, na Mzungu wa watu anazijua mbao za jeneza lako.

Mie sikukubeba.