Unamsengenya Mama wa Bibi Harusi

Dada Tsirel, mshauri wa kina mama, nisaidie maana nimevurugikiwa kabisa, hapa Bnei Brak, mji wetu wa Wayahudi, tuna kundi letu la wanawake, kila mmoja amechukua saa yake ya kuchunga ulimi, asimseme mtu wala kusikiliza umbea, ili thawabu iwafikie mabinti wasio na wachumba, mimi yangu ni ya asubuhi watoto wakishakwenda shule, na najivunia, Dada, wambea wakija mlangoni huwaambia hapa duka limefungwa, sasa juzi katika saa hiyo hiyo akanipigia simu Bi Golde, mama wa kijana tuliyeletewa na mshenga kwa binti yangu Fradel, kijana wa dhahabu, wameshaonana na wamependana, akaniuliza kwa wema tu, "Mama Fradel, hebu niambie, nyumbani kwenu ni watu wa namna gani?" nami nikaogopa kujisifu, nikamwambia, "Aa, mwenzangu, sisi watu wa hivi hivi tu, mimi mwenyewe nina hasira za moto, usafi sijui, kulea sijui, ni Mungu tu," nikacheka, yeye hakucheka, na tangu hapo kimya, mshenga anasema eti bado wanafikiria, na Fradel alikuwa anaosha vyombo akasikia yote, ameninunia, anasema, "Mama, unawasitiri watu wote mjini, umeniumbua mimi," lakini Dada, mimi kosa silioni, kwani nimemsema nani?

Mama Fradel, Bnei Brak

Mama Fradel,

Pole. Haya, pole nimeshatoa, sasa kaa nikugombeze.

Unauliza umemsema nani? Umemsema mama wa Fradel! Jirani angekuja kukwambia yule mama ni mchafu na mkali, ungemfukuza. Mbona ulipoyaleta wewe mwenyewe ukajikaribisha? Wazee wetu walikataza mtu kujiona mwovu machoni pake, na aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu hachafuliwi, hata na yeye mwenyewe. Kwani ulijiumba, bibi wee?

Tena unyenyekevu gani huo wa uongo? Eti kulea hujui! Huyo Fradel aliyempendeza kijana wa dhahabu kalelewa na paka? Musa alikuwa mnyenyekevu kuliko watu wote, lakini alipozidi kulalamika kwamba ulimi wake mzito, Mungu alimkasirikia. Sembuse wewe.

Najua hukukusudia ubaya. Kinywa kinachokataa umbea wa mtaa mzima ni kitu cha kujivunia, nami najivunia kuwa na mwenzangu kama wewe. Ndiyo maana sikuachi hivi hivi.

Leo hii Ijumaa, kabla hujawasha mishumaa ya Sabato, mpigie Bi Golde. Mwambie, "Juzi nilimsingizia mtu, naye ni mimi. Sisi ni watu wa heshima, na binti yetu tumemlea vizuri." Useme wazi, na usicheke. Fradel akae karibu asikie kila neno. Bi Golde akikubali, hongera. Akikataa, mchumba mwingine atapatikana. Mama mwingine Fradel hatapata, na huyo ndiye uliyemvunjia heshima.

Tsirel