Wimbo wa Machela

Hospitali ya misheni, Kisinga
Wodi ya wanawake

Kwa shemeji yangu Lanyero, kule Gulu,

Salamu nyingi zikukute umeketi vizuri, wewe na wote wanaokula chungu kimoja na wewe. Natumaini ule mguu wako uliokuwa unavimba sasa unaingia kiatu. Mimi ni muzima, nguvu iko, meno iko. Watu hapa wanashangaa kwamba kwa umri wangu bado napanda mlima bila fimbo. Nawaambia washangae pole pole wasije wakachoka mbele yangu.

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Niliishia darasa la pili, na wewe unalijua hilo kwa sababu ulikuwa unanicheka nilipokuja kumchumbia dada yako Vasta pale kambi ya polisi Kasese, baba yenu afande akinitaka niandike jina langu chini kwa kijiti. Lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa hawa waliomaliza shule. Ukikuta mahali nimekosa, hiyo ni kalamu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Wewe si unanijua? Mimi ndiye mutu wa kwanza kule kwetu juu kuwa na simu. Watu walipanda mlima kuja kuitazama tu. Halafu hata wachunga mbuzi wakawa nazo, nikaitia yangu ndani ya debe la maharage ikafia humo. Kofia ya pama ni hivyo hivyo. Nilianza mimi kuivaa, akafuata jirani yangu Kiiza, ikafuata kwaya nzima, nikampa mbwa alalie. Vasta alisema ameolewa na mtu anayewakimbia wenzake hata pale wanapokwenda njia moja. Nikamjibu kwamba sikuzaliwa ili nifanane na Kiiza.

Sasa nifike kwenye huu wimbo wa mwanao Rodney.

Wewe ulikulia kambini, mambo ya machela huyajui vizuri, kwa hiyo nakueleza. Kule kwetu gari haifiki. Kiangazi boda inapanda, lakini mvua ikija lile daraja la miti linaondoka na maji, na mgonjwa anashuka kwa mabega ya watu. Ndiyo maana tuna chama cha machela, na mwenyekiti ni mimi tangu Rodney hajaota meno. Kitanda cha matete kinafungwa juu ya miti miwili, watu wanne wanabeba, mimi natangulia nikiimba. Wimbo ule si wa kujifurahisha, ni amri. Ukiusikia ukiwa shambani unaacha jembe pale pale, unakuja kupokea mti kwa yule aliyechoka. Usipokuja, chama kinakutoza mtungi wa pombe ya ndizi, na siku ukiugua unashuka kwa miguu yako. Kwa hiyo sisi hatuhangaiki kukusanya watu wa kuanzia safari. Wanne wanatosha. Wengine wanatoka njiani, kwenye mibuni, kwenye karanga, mpaka tukifika chini tuko wengi kama arusi. Na sauti ya kuwatoa huko ilikuwa yangu. Nikiimba juu, mwanamke anayechota maji bondeni anatua ndoo.

Rodney alikulia kwangu, alibeba machela na sisi tangu ndevu zilipoanza. Alipokwenda Kasese akapata kile chumba chao cha kurekodi pale Nyamwamba, akaubeba na wimbo. Pale tunaposema fungueni njia mgonjwa anapita, yeye akasema mrembo anapita. Pale tunapoomba bega la kutupokea, yeye akaweka mchezo wa kutikisa mabega. Na katikati anaita majina ya wasichana, mmoja mmoja, kama anayeita kuku.

Shemeji, msimu mmoja wa mvua haukwisha, wimbo ulikuwa kila mahali. Wanaouza samaki soko la Bwera wanao. Steji ya boda Kasese wanao. Wakongo wanaovuka pale Mpondwe wanauliza ule mutoto muimbaji iko wapi. Askari wanakimbia nao asubuhi. Arusini bibi harusi haingii mpaka upigwe. Nikasimama kanisani nikasema upigwe marufuku, na kanisa lote likacheka mpaka mchungaji akajifunika uso na kitabu. Hasifa, yule anayekaanga chapati pale senta yetu penye maduka, akaniambia mbele ya watu kwamba siku wote wakiingia mbinguni, Muzee Erifazi atabaki mlangoni akilalamika kwamba humo ndani wamekuwa wengi. Na wewe mwenyewe ulituma neno kwa mwanangu Atwine kwamba ni wivu unanila, nimwache mtoto afurahi.

Nisikudanganye. Wakati ule hata mimi sikujua vizuri kwa nini nauchukia. Nilisema ni adabu, nilisema ni mila. Labda ilikuwa tu kwamba zamani wimbo ukianza, watu waligeuka kunitazama mimi, na sasa wanatazama simu. Lakini kilichotokea baadaye hakihusu tena kupenda wala kuchukia.

Rodney alikupigia akakuambia dada yako ameshikwa na presha, yuko hospitali, anaendelea vizuri. Ni sisi tuliomwambia aseme hivyo. Mambo ya njiani hata yeye hayajui. Kaa chini ndipo usome.

Ilikuwa siku ya soko, asubuhi, Vasta anaanika kahawa uani. Alianguka kwa upande mmoja, na nilipomwinua mdomo ulikuwa umekwenda pembeni. Nikamwita Kiiza na wanawe wawili, na Atwine, tukafunga machela, kwa sababu daraja lilikuwa limeshaondoka na maji. Kiiza akasema tungoje kidogo, avuke ng'ambo atafute watu zaidi, kwa sababu wengi wameshuka Bwera sokoni. Nikakataa. Nikamuuliza kama amesahau anasimama na nani. Nikasema njia itatupa watu, haijawahi kutunyima. Tukatoka wanne wa kubeba na mimi mbele.

Niliimba, shemeji. Sijawahi kuimba vile. Kwenye mteremko wa kwanza wanawake waliokuwa wanapalilia karanga waliinua mikono wakaitikia, wakaitikia kwa maneno ya Rodney, kisha wakainama tena kupalilia. Kwenye mibuni vijana walipiga miluzi. Watoto wa shule walipanga mstari kando ya njia wakatikisa mabega. Nikapiga kelele kwamba ni Vasta, ni mke wangu, ni Vasta. Lakini Rodney naye si anaita majina? Walidhani nimefika kwenye majina. Mmoja akanijibu kwa kumwita wa kwake.

Hakuna aliyekuja kupokea. Mtoto mkubwa wa Kiiza bega lilichubuka, wakatua, wakainua, wakatua tena. Mimi nikaingia chini ya mti badala yake, na huko chini ya mti huwezi kuimba ukasikika. Vasta alikuwa ananitazama kwa jicho moja. Tukafika senta. Pale spika kubwa ilikuwa inapiga wimbo huo huo. Watu wakatuona, wakaja wakikimbia, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kumbe wanakuja na simu zimeinuliwa. Walisema Rodney anapiga picha za wimbo na sisi ndio wachezaji wake wazee. Wakatuzunguka wakicheza, machela iko katikati, tukashindwa hata kusogea. Ni Hasifa aliyeuona mkono wa Vasta unaning'inia. Aliangusha kikaango na mafuta yake, akawatukana matusi ambayo sitaandika kwa mwanamke kama wewe, akaingia mwenyewe chini ya mti. Hapo ndipo wote waliingia. Walilia huku wanakimbia, waliifikisha Kisinga kama upepo. Lakini jua lilikuwa limeshakuwa kichwani.

Siwezi kumlaumu hata mmoja. Kila mmoja wao, siku za nyuma, ameshaniachia jembe. Na usiniambie tena kwamba nachukia kitu kwa sababu kinajulikana na wote. Wimbo huu ulijulikana na wote hata zamani, wasioujua walikuwa wafu tu. Ila ulikuwa unamtuma mtu. Sasa kila mtu anao na haumtumi mtu popote.

Nilimuuliza daktari kama tungewahi ingekuwaje. Akasema hawezi kujua, na mimi pia sitajua, na nisiulize watu wengine kwa sababu nao hawajui. Chama kilikuja kukaa hapa nje ya wodi, wakaniuliza sasa tutaimba nini. Nikawatungia wimbo mwingine, mzuri, kwani mimi ni nani? Lakini hakuna mutu mlimani anayeujua, na wimbo usiojulikana hauiti. Ukijulikana, ukawa mtamu, watauchukua. Nimewaambia kwa sasa watume kijana atangulie akigonga mlango kwa mlango. Walinitazama kwa huruma, na hiyo huruma sikuizoea.

Sasa nakuambia lile ambalo kule kwetu wanalijua Atwine na Kiiza tu.

Dada yako upande wa kulia haujisogezi, na maneno yameondoka. Hawezi kusema maji. Hawezi kusema Erifazi. Nilikaa naye hivyo, namsemesha, ananitazama tu. Halafu siku moja msichana anayepiga deki alipita na simu yake mfukoni inaimba, unajua inaimba nini. Vasta akafungua mdomo akaimba. Si kunung'unika, aliimba maneno, yote, yamenyooka. Nikaruka nikaita nesi kwamba amerudi. Msichana akapita na ndoo yake, na Vasta akanyamaza.

Nikasema basi, kama ni wimbo, mwenye wimbo ni mimi. Nikamwimbia wa kwetu wa kweli, wa mgonjwa anapita. Alinitazama kama mtu unayemuuliza njia na yeye si wa pale. Nikamaliza, nikaanza tena, hakuna kitu. Nikatazama huku na huku kama kuna mtu wa kule kwetu, nikaimba mrembo anapita. Akaingia na mimi palepale, kwa sauti ya msichana wa kambi ya polisi.

Nesi anayeitwa Nabirye ameniambia inatokea hivyo, kwamba kichwani mahali pa kuimba si mahali pa kusemea, na kwamba nimwimbie kila siku, pengine maneno yatafuata, pengine hayatafuata. Na amesema nifanye na mikono, kwa sababu anaiga. Kwa hiyo kila asubuhi shemeji yako, mwenyekiti, anasimama kando ya kitanda na kutikisa mabega mbele ya wanawake wa wodi nzima. Wanapiga makofi. Iko mmoja mwenye mguu wa plasta anasema muzee rudia. Narudia.

Shida ni ubeti wa pili. Ule siujui. Kila ulipopigwa niliondoka kabla haujafika. Vasta anamaliza wa kwanza, anavuta pumzi, anatazama mdomo wangu, ananingoja. Mimi nakohoa. Nesi aliniwekea kwenye simu yake, lakini Rodney anaimba mbio, na masikio yangu, hili usimwambie mtu, hayashiki tena. Atwine anasema ni rahisi, Kiiza anasema ni rahisi, kila mtu anaujua, na mimi naona haya kuwaomba wanifundishe.

Nakuomba umtume Rodney aje. Asije na spika wala na wale wenzake wenye miwani. Aje yeye, akae nami nje ya wodi, aniimbie pole pole neno kwa neno.

Lakini akija atauliza tulimleta vipi mama yake mkubwa, na hapo ndipo nimekwama. Atwine anataka aambiwe. Kiiza anasema tukimwambia hataimba tena, na akiacha kuimba, Vasta atafuata nini? Maisha yangu yote nimeamua mimi nyumbani kwangu, hata pale nilipokuwa sijui. Hili nimelitazama usiku na mchana, limenishinda. Wewe ni mama wa mmoja na ndugu wa mwingine. Utakaloamua nitalishika, na sitabisha, unaweza kumwonyesha mtu yeyote hapa nilipoandika sitabisha.

Ila usikae sana kulifikiria. Jana asubuhi katika ule ubeti wa kwanza alisimama katikati, akatafuta neno, hakuliona, akanigeukia mimi.

Wasalimie wanao na majirani walionikaribisha mwaka ule nilipokuja Gulu. Vasta nimemwambia nakuandikia, akanishika kidole kwa mkono wa kushoto, hiyo ipokee kama salamu yake. Barua anakuja nayo dereva wa basi, mpe maji ya kunywa.

Ni mimi shemeji yako unayemfahamu,

Erifazi Bainomugisha