Uvundo Kwenye Landrova ya Joakim

Jumatatu, 7 Juni 1976

Joakim kaja na Landrova ya ofisi, kaiegesha karibu na zizi. Uso umemshuka. Meneja wake wa ofisi ya pamba, Bwana Constantine, kasema gari linanuka. Wageni wa mkoa wanakuja wiki ijayo kukagua pamba, hawezi kuwapandisha kwenye uvundo. Jumamosi atakuja mwenyewe kunusa. Likinuka, ufunguo anapewa Mashaka, kijana wa ofisini, na mwanangu arudi kwenye jembe.

Jembe! Mtoto niliyemsomesha kwa maziwa ya ng'ombe wangu! Kijiji kizima hiki cha Nkoma, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi, na dereva ni mmoja tu — wangu.

Nimeingiza kichwa ndani. Mungu wangu. Kama panya kafia kwenye kibuyu cha maziwa. Ni kile kiti cha nyuma. Wiki mbili zilizopita Felisita, mke wa Joakim, alijifungulia pale, njiani kwenda hospitali. Mtoto wa kiume. Hakulia. Maji na damu vyote viliingia kwenye sponji, maana rexini ya juu ilishapasuka. Joakim akafuta juu juu na kitambaa. Wanaume!

Nimemwita Felisita. Aliyechafua ni wewe, chukua ndoo. Kaniangalia tu. Nikamwambia macho hayaoshi kiti.

Jumanne, 8 Juni 1976

Joakim kafungua kiti kwa spana, tumekianika juani. Sabuni dukani hakuna, mwezi wa pili sasa. Tumetumia majivu na ndimu. Felisita kapiga magoti, kasugua sakafu ya gari tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Maziwa yakaanza kumtoka, blauzi imelowa mbele. Nikamwambia akajifunge kitambaa, asituongezee uchafu mwingine humo.

Nyanjige, jirani, akapita na dumu lake la maji, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Huyo arobaini hajamaliza, na unamtia humo humo?"

"Mkwe wako wewe yuko wapi?" nikamuuliza. "Si alikukimbia? Basi pita, maji yatapoa."

"Maji ya kisima yanapoa, mayu?"

"Pita!"

Kapita anacheka. Mwanamke mnafiki yule.

Jioni kiti kimerudi ndani. Harufu ipo. Sasa inanuka uvundo wenye ndimu.

Jumatano, 9 Juni 1976

Leo nimefanya ninavyojua mimi. Maziwa yakiozea kwenye kibuyu, hukioshi kwa maji tu. Unasugua kwa mkojo wa ng'ombe, unakausha, halafu unafukiza kwa kijinga cha moto mpaka moshi uingie kwenye ngozi yake. Gari nalo ni kibuyu, kikubwa tu.

Nimekinga mkojo ndoo nzima. Joakim kashika kichwa. "Mama, hili gari la serikali!" Nikamwambia serikali haina pua ya kunifundisha mimi. Felisita kasugua. Kisha makaa kwenye sufuria kuukuu, majani mabichi juu, milango nikafunga. Moshi ukatoka hadi kwenye taa! Nyanjige akapiga kelele kutoka kwake: jamani njooni, Mama Joakim anabanika Landrova! Mstari mzima wa nyumba umecheka.

Tulipofungua: moshi. Chini ya moshi, ng'ombe. Chini ya ng'ombe — ile ile.

Alhamisi, 10 Juni 1976

Joakim hali chakula. Kakaa kwenye usukani, gari limezimwa, mikono juu ya duara. Siku mbili zimebaki.

Mimi najua kwa nini haitoki. Siandiki kwa ajili ya mtu, naandika kwenye hili daftari langu la kisomo cha watu wazima, basi niseme.

Mwanamke uchungu ukimkwama, kuna mwanamume ndani yake. Ataje jina, mtoto atapita. Hivyo ndivyo mama yangu alivyofanya, na mama yake. Siku ile Felisita alishikwa alfajiri. Joakim akaja na gari saa sita. Nikakaa mlangoni. Nikasema hapandi mtu gari mpaka ataje. Akasema hakuna, mayu, hakuna. Saa saba hakuna. Saa nane hakuna. Saa tisa Joakim akanisukuma — mimi, mama yake! — akambeba. Tulipovuka mto tu, mambo yakawa yale.

Nyanjige anasema huko kisimani kwamba mtoto kauawa na saa tatu zile. Muongo! Mimi nina wajukuu kumi na mmoja kwa binti zangu, nitaua wa Joakim? Mtoto kauawa na jina. Jina lipo mle ndani ya sponji. Majivu gani yatatoa jina?

Ijumaa, 11 Juni 1976

Joakim kaenda kutafuta mkaa, eti unavuta harufu. Felisita nikamtia garini na brashi, nikakaa mlangoni mwa gari. Nikamwambia leo utataja. Mume wako kesho anakuwa mkulima kwa ajili ya kichwa chako kigumu. Unakula kwa ufunguo ule. Hata hicho kitenge ulichovaa ni cha ufunguo ule. Taja.

Kasugua. Nikarudia. Kasugua. Nikamwambia mtoto wako anaozea humo na wewe unamfichia mwanamume.

Hapo kaacha brashi.

"Nikitaja utaniacha, mayu?"

"Nitakuacha."

"Constantine."

"Constantine yupi?"

"Wako wangapi Nkoma hii wanaomwazima dereva gari ampeleke mke wake?"

Nikamuuliza ni kweli? Kaniangalia, uso mkavu kabisa.

"Uliomba jina, mayu. Ukweli hukuuomba."

Akachukua brashi. Akasugua kidogo, halafu akasema bila kugeuka: utamwambia mwanao wewe, au nimwambie mimi akirudi na mkaa?

Nimemwambia anyamaze. Mimi! Nimemwambia anyamaze.

Jumamosi, 12 Juni 1976

Asubuhi nimefungua mlango wa gari. Nimenusa. Nimenusa chini ya kiti, nimebandika pua kwenye rexini kama mbuzi. Hakuna. Harufu hakuna! Joakim kanusa, kanikumbatia, kasema ni mkaa wake aliolaza ndani, vipande vipande chini ya viti. Analia na kucheka. Mkaa! Kama ni mkaa, afadhali. Lakini jina lilitoka jana, na harufu imetoka leo. Kwa hiyo ni kweli.

Au ni mkaa.

Bwana Constantine kafika saa tatu. Kakaa kiti cha nyuma, kavuta pumzi mpaka tai ikapanda. "Mama, umetumia dawa gani?" Nikasema majivu. Nimemkagua usoni kama ninavyochagua mbegu. Nimekagua pua yake, masikio yake, nikakumbuka yule mtoto tulivyomfunga kwenye kanga. Sikumwangalia vizuri siku ile. Nilifunika haraka.

Kamwambia Joakim kazi yake ipo salama. Halafu kauliza, na mgonjwa anaendeleaje? Kasema yeye anakwenda mjini Nyalikungu sasa hivi, Felisita apande naye aonwe na daktari, ofisi imeruhusu. Joakim kafurahi kama mtoto. Meneja gani anayejali hivi!

Felisita kaoga. Kavaa viatu. Kapanda nyuma, upande ule ule. Bwana Constantine kakaa pembeni yake, kofia kwenye mapaja. Hawaangaliani. Watu wasiojuana wangesema hata neno moja.

Nimeingia ndani nikidai natafuta miwani. Naandika nimesimama. Injini inanguruma. Nikisema, mwanangu hana kazi leo hii, au anaua mtu. Nisiposema, anawaendesha.

Joakim anaita. Mama, njoo umshukuru Bwana Meneja! Felisita kashusha kioo, hamtazami Bwana Constantine wala mume wake, anautazama mlango huu. Joakim anapiga honi. Mama! Njoo basi, tunachelewa —