Injini Aliyoiacha kwenye Karai

Jumatatu, 3 Agosti 1987
Nimefagia, nimechota maji, nimerudi kwenye karai. Injini ya skuta bado iko humo vipandevipande, vile marehemu mume wangu alivyoiacha. Aliifungua, akaugua, akafa. Nina hasira naye. Kikao cha ukoo kilisema: ikiwaka kufikia Jumamosi ni yangu, nipeleke sare ninazoshona mpaka Ahero. Isipowaka, shemeji yangu Odhiambo ataiuza kama chuma chakavu. Leo amepita kunichungulia. "Shemeji, hii kazi ni ya fundi. Jumamosi nakuja na mkokoteni." Nikamwambia aje tu, njia si yangu.

Jumanne, 4
Beringi inakataa kuingia. Mafundi wana mashine ya kuisukuma, mimi nina nyundo na hasira. Nikakumbuka marehemu akisema chuma kikipata moto hupanuka. Basi: kasha la injini juu ya jiko, beringi kwenye barafu ya Mama Awino, jirani anayeuza samaki. Niliifunga kwa nailoni, bado imetoka ikinuka samaki wa mbuta. Mama Awino akaniuliza, "Mama Achieng, leo mnakula injini?" Alicheka mpaka akashika ukuta. Beringi ikatumbukia yenyewe. Nikapiga kelele kama mwehu.

Jumatano, 5
Gasketi ya kuziba kasha nimeikata kwa jalada la daftari. Nimefunga kasha mara tatu, nimefungua mara tatu. Kila nikimaliza nabaki na washa moja, kile kipete cha chini ya nati, mkononi. Sikula. Cherehani imekaa bure, wateja wananung'unika. Shauri yao.

Alhamisi, 6
Pistoni imeingia. Lakini nati ya magneto, ile sumaku ya kuleta cheche, nikiikaza, injini yote inazunguka nayo. Ili pistoni isimame nimesokomeza kamba ya nyavu kupitia tundu la plagi. Nati ikakaza sawasawa. Nikaivuta kamba, ikatoka. Najisifu. Nani mwingine atanisifu?

Ijumaa, 7
Yawa! Kiki ya kuwashia haishuki. Pistoni imekwama. Nimefungua kichwa cha silinda: kipande cha kamba kimebaki, kimebanwa kwenye tundu la kutolea moshi. Pistoni iliikata nilipokaza nati, nami sikujua. Marehemu alitumia kamba nene ya katani, nilimwona kwa macho yangu, na bado nikachukua hii nyembamba kwa sababu nyumba za huku ziwani hazikosi nyavu. Mjinga mimi! Nimeichomoa kwa sindano, uzi kwa uzi. Nimefunga tena. Naogopa kesho.

Jumamosi, 8
Odhiambo amefika saa tatu asubuhi na mkokoteni. Kiki ya kwanza, kimya. Ya tano, kimya. Akasogeza mkokoteni karibu. Ya tisa ikakohoa. Ya kumi na moja ikawaka! Moshi ukajaa uani, kuku wakatimua mbio. Matusi ya kumtupia Odhiambo nilikuwa nayo tayari, nimeyapanga wiki nzima. Nikageuka nimpe. Alikuwa ameketi juu ya mkokoteni wake, uso mikononi. "Ni kama kaka yangu ndiye anafika kutoka kazini," alisema. Nikamletea chai. Akainywa yote. Akaondoka na mkokoteni mtupu.

Jumapili, 9
Sikwenda kanisani. Mikono ni safi, haina kitu cha kukaza wala kufungua. Nimekaa kitandani, upande wake. Nimelia kutwa. Tangu mazishi sikuwa nimelia.