Nusu Sentimita Kila Upande

Jumanne, 13 Februari

Amerudi. Siku tisini na saba wodini, na leo mwanangu kaingia mlangoni kwangu kwa miguu yake, mkono wa kulia kaubana ubavuni kama mtu aliyeficha kitu kwapani. Hakuna alichoficha. Ngozi ndiyo imejikunja pale, kuanzia kiwiko hadi mbavuni, na mkono haupiti kifua.

Mkuu wa kituo cha zimamoto alikuwa ameshatangulia. Na mpiga picha! Mkuu kasimama katikati ya sebule, kila sentensi shujaa, shujaa. Nikamuuliza habari za lile koti la kazi, lililokuwa limeachia mshono wa kwapa tangu mwaka juzi. Mwanangu aliandika barua mbili kulilalamikia. Mimi mwenyewe nilitaka kulishona, nikaambiwa kanuni haziruhusu fundi wa mtaani kugusa mali ya kituo. Moto haukusoma kanuni, ulipita palepale. Mkuu akasema jambo hilo linachunguzwa, kisha akaomba picha moja ya familia. Mkamwana wangu akamjibu kwa upole kwamba mgonjwa amechoka na mlango ni ule. Hapo nilimpenda. Leo yote, hapo tu.

Nina miaka thelathini na minne katika nchi ya watu. Nilivuka mpaka na mtoto wa miezi saba mgongoni, nyuma yetu milio ya risasi, nikamfikisha huku bila mkwaruzo. Bila mkwaruzo! Akakua, akaenda kuutafuta moto mwenyewe, akavalishwa sare na kupewa jina la utani — Ngazi, kwa kuwa ndiye wa kwanza kupanda. Sina hamu na jina hilo.

Alhamisi, 22 Februari

Hospitali. Anatakiwa kuvaa nguo ya kubana: fulana nzito ya kitambaa kinachovutika, yenye mkono mmoja na zipu. Avae saa ishirini na tatu kwa siku, mwaka mzima, labda na zaidi, ili kovu lisivimbe wala lisijikunje. Za hospitali zinachukua miezi minne kufika. Kovu linajua foleni?

Nikamwambia mtaalamu wa mazoezi — binti mwenye miwani, huzungumza na karatasi zake zaidi kuliko na watu — anipe kitambaa, nitashona. Akauliza kama nina cheti. Nikamwambia ninacho, cha ualimu wa jiografia, kilikataliwa hapa, ndiyo sababu nina cherehani. Mwanangu akacheka. Mara ya kwanza tangu Novemba.

Kanuni yake ni hii. Pima kila baada ya sentimita tatu, kisha katika kila mia punguza kumi na tano. Nguo iwe ndogo kuliko mwenyewe. Miaka yote hii kazi yangu imekuwa kuwaachia watu nafasi ya kupumua.

Daktari mpasuaji atamwangalia tarehe 14 Mei. Mkono ukipanda juu ya kichwa, atarudi kwenye ngazi. Usipopanda, watapasua kwapa upya, watachuna ngozi ya paja waibandike, na kituo kitampa meza ya kupokea simu. Mwanangu kasikiliza, kisha kasema yeye na simu hawajawahi kupatana.

Jumapili, 10 Machi

Nguo mbili tayari, moja ikifuliwa avae nyingine. Kazi safi, na sioni haya kujisifu.

Mkamwana ni mpima ardhi, na mume wake kamfanya kiwanja. Kila asubuhi, baada ya kumwogesha na kumpaka mafuta, humvalisha. Dakika ishirini. Mwanangu hung'ata taulo. Mkewe hapepesi jicho wala hasemi pole. Anavuta zipu, anapumzika, anavuta tena. Kisha anamsimamisha kwenye fremu ya mlango, vidole vinatambaa juu kama buibui, vikigota anapiga mstari kwa penseli na kuandika tarehe. Fremu ya mlango wangu! Mstari wa wiki iliyopita ulikuwa usawa wa sikio. Leo usawa wa utosi.

Ni kweli inapanda. Lakini mtu anawezaje kumvalisha mumewe kwa mkono mkavu kiasi kile, bila huruma? Nilimwambia angalau amwimbie. Akanijibu, kwa heshima zote, kwamba akianza kuimba atalia, na akilia zipu itamshinda. Nikaona ni maneno tu.

Jumamosi, 23 Machi

Mkamwana kasafiri kikazi siku mbili. Nikamvalisha mimi.

Sikujua. Nimekuwa nikisikia kutoka chumba cha pili, na kusikia si kushika. Kovu lile kwa karibu ni kama ramani za milima nilizokuwa nikifundisha, mistari imebanana mahali pa mwinuko mkali. Zipu ilipofika kwapani, mwanangu hakupiga kelele. Machozi yalimtoka tu, mwanamume wa miaka thelathini na tano, akasema, "Mama, nimechoka kuwa na ngozi."

Hakuniomba chochote. Niandike hilo liwe wazi. Hakuniomba.

Alipolala mchana nilichukua ile nguo ya pili, nikafumua mshono wa ndani ya mkono na wa ubavu, nikashona upya kwa kulegeza. Nusu sentimita kila upande. Jioni nikambadilisha, nikaifumua na ile nyingine. Nani atajua? Mshono wangu hauachi alama.

Jumatatu, 8 Aprili

Analala. Anakula. Jana alimwigiza mkuu wa kituo akihutubia, tukacheka mpaka nikashika meza. Basi, hii ndiyo tiba. Na wajiwekee kanuni zao huko.

Ijumaa, 3 Mei

Mstari umeshuka. Vidole vitatu chini ya ule wa mwisho.

Mkamwana alipima mara mbili, kisha mara ya tatu, akailaumu penseli. Akamwambia mwanangu pengine amechoka leo. Lakini nimeona. Kovu la kwapa limenyanyuka, jekundu, nene kama kamba ya kuanikia nguo. Nilisema kwa sauti kwamba kitambaa cha hospitali ni kibovu. Nilisema sabuni imebadilishwa. Nikamsema na binti wa miwani, kwamba hajui kazi yake. Nilisema mengi asubuhi hii.

Baada ya hapo nikarudi kwenye cherehani na hasira yangu, na sikutaka kujiuliza ni hasira juu ya nani.

Jumanne, 14 Mei

Hospitali, sisi watatu.

Daktari mpasuaji akauinua mkono. Ukagoma usawa wa bega. Kovu linavuta, kasema, na likiachwa litazidi. Upasuaji tarehe 27. Karatasi ya kukubali aisaini wiki hii. Habari za ngazi tuziweke kando.

Binti wa miwani akapenyeza vidole viwili chini ya mkono wa nguo. Viliingia bila taabu. Kimoja tu, kasema, kilipaswa kuingia kwa shida. Akauliza anayemvalisha ni nani.

"Mimi," kasema mkamwana.

Akamuuliza kama huwa anamvua mapema. Kama humwonea huruma akaacha zipu nusu. Mkamwana akajibu hapana, hapana, kila swali hapana, na kila hapana ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia. Mwanangu kageuka akamtazama. Sijawahi kumwona akimtazama vile.

Kisha binti akanigeukia mimi, akaisifu mishono. Kasema hata fundi wao hashoni kwa usafi ule!

Nilikuwa na mkoba mapajani. Nikaushika. Mwanamke wa miaka sabini na mmoja, msomi, niliyewahi kusimama mbele ya darasa la watoto hamsini nikawaambia kweli ni kweli hata ikikuunguza. Nikapiga kimya.

Jumatano, 15 Mei

Leo walikosana. Mwanangu kamwambia, "Viwanja vya watu unavipima mpaka nukta. Zipu ya mume wako imekushinda."

Mkamwana akaleta daftari lake la kazini. Ameandika kila siku, saa ya kuvaa, saa ya kuvua, tangu Februari. Mwanangu akalitupa kwa mkono wake mzima. Kasema kuandika kila mtu anaweza. Kasema mengine ambayo sitayaweka hapa.

Mimi nilikuwa chumba cha pili nikikanyaga cherehani. Hapakuwa na kitambaa chini ya sindano. Nilikanyaga tu, wasijue kuwa nasikia.

Nina hasira na mkuu wa kituo, na koti lake, na waliokitupa cheti changu, na waliotufukuza kwetu. Ni hasira za haki, zote. Leo nimezipanga mstari, moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyofumua ule mshono.

Alhamisi, 16 Mei

Nimemwambia mkamwana. Asubuhi, kabla ya kuoga kwa mgonjwa. Nikaileta nguo, nikaigeuza nje ndani, nikamwonyesha matundu madogo ya sindano ya mshono wa kwanza, nusu sentimita ndani ya ule wa sasa. Alama ipo, kwa anayejua pa kutazama.

Nilitegemea anitukane. Nilimwachia nafasi anitukane. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaushika ule mshono muda mrefu.

"Zipu ilianza kupanda kirahisi," kasema. "Mwezi wa tatu mwishoni. Nilidhani kovu limelainika, mama. Nilifurahi."

Hivyo tu. Laiti angenitupia kitu!

Nikasema nitashona nyingine leo hii, kwa kipimo cha kweli, na nitampigia daktari kumuuliza kama kuna muda bado wa kujaribu kabla ya kisu. Akasema sawa. Nikamuuliza, tumwambieje mume wako? Akainuka. Kasema yeye hana la kumwambia, jana aliyasema yake yote na hakuaminiwa. Kasema, "Na akishajua, utamvalisha wewe. Mimi nitashika taulo."

Nimeshona tangu wakati huo. Sasa ni saa tisa alasiri. Nguo iko mezani, ndogo, ukiitazama utasema ni ya mtoto wa shule. Daktari hajapokea simu. Mwanangu ameitwa, amekuja, ameketi mbele yangu kwenye kiti kilekile, shati amevua. Anauliza amekufa nani, mbona nyumba yote kimya. Mkewe amesimama nyuma yake na taulo, hanitazami.

Nimemwambia asubiri kidogo, mama anamalizia kuandika. Kasema andika tu, Mama, mimi na mkono huu hatuna safari. Karatasi ya daktari, ile ya kukubali upasuaji, ameishika mkono wa kushoto, na ananiomba kalamu.