Jumanne za Baba

Jumanne, 14 Januari

Baba hayupo. Nimeandika sentensi hii mara tatu, nikaikata mara mbili. Hayupo. Jana alfajiri, kabla hajafungua bafu lake la umma, alianguka kati ya boila na mlango. Moyo, kasema daktari. Miaka sabini na mmoja.

Tangu asubuhi tumekaa kwenye ukumbi wa misiba wa hospitali — Mama, kaka Jun-mo na mimi. Watu wanavua viatu, wanainamia picha ya Baba, wanatuinamia sisi, kisha wanakwenda kula supu. Supu imeisha mara mbili! Sikujua mji wetu bado una watu wengi hivi.

Kila mmoja ananiambia neno lilelile: baba yako alikuwa kama baba yangu. Wa kumi nilimshukuru. Wa thelathini nilitaka kumuuliza: sasa mimi alikuwa nani wangu? Aibu. Lakini ndivyo nilivyohisi.

Mzee mmoja wa mgodini, kifua kinapiga filimbi, kalia kwa sauti kumshinda kaka. Simjui hata jina.

Jumatano, 15 Januari

Tumemzika. Theluji tangu alfajiri.

Kwa desturi gari la maiti lilipita penye bafu lake na kusimama, ili aage. Watu walikuwa wamejipanga kuanzia duka la dawa mpaka sokoni. Hakuna aliyewapanga. Kofia mkononi, theluji vichwani.

Bafu hilo alilifungua mwaka themanini na tatu, wakati wachimba makaa ya mawe wa zamu tatu walikuwa wakitoka chini weusi ti, macho tu ndiyo yanaonekana. Migodi ikafungwa. Sinema ikahama, kinyozi akahama, nusu ya darasa langu ikahama. Baba akabaki. Akawa mweka hazina wa soko, mkuu wa wapiga koleo la theluji, dereva wa vikongwe siku ya kupiga kura. Ukitaka kumpata, usimtafute nyumbani.

Baada ya mazishi Bwana Pyo, mwenyekiti wa soko, anayeuza masufuria, alinivuta pembeni. Wanataka kumsimamishia kibao cha kumbukumbu pale mlangoni kabla ya mwaka mpya wetu wa mwandamo wa mwezi, tarehe thelathini na moja.

"Maneno utaandika wewe, mwalimu. Mistari sita tu. Sisi tukiandika itakuwa tangazo la masufuria."

Nikamuuliza Mama niandike nini.

"Andika alikuwa hasikii akiambiwa," akasema. Akacheka kidogo. Kisha akageukia dirisha la gari.

Jumapili, 19 Januari

Kaka amerudi kwake, mji wa Incheon. Mimi nipo mpaka shule zifunguliwe.

Simu ya bafu haikomi. Vikongwe tu! Ati mtafungua lini. Bibi mmoja kaniambia nyumba yake haina maji ya moto, anaoga kwa birika tangu Jumatatu. "Na mwaka mpya huo unakuja, mwanangu. Niingie mwaka na nongo za mwaka jana?" Nikamwambia hatujui bado. Akakata simu kwa hasira, kisha akapiga tena kuniomba radhi.

Nimejaribu ile mistari sita. "Alijitolea kwa jamii." Nimefuta. Maneno kama hayo unaweza kumwandikia mtu yeyote aliyewahi kukata utepe.

Ninachokijua mimi ni Jumanne. Bafu hufungwa Jumanne, mlangoni kunaning'inizwa maandishi: TUNASAFISHA. Watoto wa wenye maduka wengine walikuwa na siku ya baba kukaa nyumbani. Sisi tulikuwa na Jumanne — anakunywa chai, anaondoka, anarudi jioni vidole vimekunjamana kwa maji. Bafu gani husafishwa siku nzima, kila wiki, miaka thelathini?

Darasa la tano nilipiga kinanda mbele ya shule nzima. Ilikuwa Jumanne. Alikuja Mama peke yake.

Nilipofika miaka kumi na sita nilikuwa na hakika ana mwanamke. Nikamwambia mezani, mbele ya Mama. Hakukana! Alisema, "Kula, wali unapoa." Tangu siku ile tukawa tunaongea kama wapangaji wa nyumba moja. Vizuri, kwa adabu, basi.

Na bado ni huyohuyo aliyetukata kucha mimi na kaka kila Jumamosi, ametuweka mapajani, kidole kimoja kimoja. Ni huyohuyo aliyeamka siku ya mtihani wangu wa kuingia chuo akanipashia viatu joto kando ya boila, akanivalisha kama mtoto. Sikumshukuru. Nilikuwa na hasira zangu.

Alhamisi, 23 Januari

Sijui nianzie wapi.

Bibi Ham amekuja. Yeye ndiye msugua migongo ya waogaji upande wa wanawake, mwaka wa ishirini na nne sasa. Mikono kama ya mpiga pasi. Alikataa kuketi.

"Nilimwahidi baba yako sitasema. Lakini yeye kafa, na watu wangu wana wiki mbili hawajaoga."

Watu gani?

Watu wa Jumanne, kasema.

Kumbe lile TUNASAFISHA lilikuwa kwa ajili yetu sisi wazima. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Wanaingia mmoja mmoja. Aliyeungua uso mgodini gesi ilipolipuka. Aliyepooza upande. Mama aliyekatwa matiti yote mawili. Kijana asiye na miguu. Watu ambao wakiingia kwenye maji, wengine hutoka — hivyo ndivyo alivyosema, hutoka. Bibi Ham akiwaosha wanawake, Baba wanaume. Anawabeba mgongoni mpaka kwenye maji. Anawasugua, anawakata kucha, anawachekesha. Na kila mmoja alikuwa ameomba kitu kimoja tu: mji usijue.

"Sasa kwa nini hakutuambia hata sisi, wanawe?"

"Mzee aliyeungua ni babu wa mwenzako uliyekuwa ukikaa naye dawati moja. Ungenyamaza, wewe?"

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nisingenyamaza.

Alipoondoka niliingia bafuni, upande wa wanaume, kwa mara ya kwanza maishani. Baridi. Mabeseni yamepangwa. Nikaketi kwenye kigoda nikalia. Wali unapoa! Angeweza kujitetea kwa neno moja. Akanyamaza, akaniacha nimchukie.

Ijumaa, 24 Januari

Nimemuuliza Mama kama alijua. Alikuwa anatia chumvi kabichi.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza. Nguo zake nilikuwa nafua mimi."

Ukanyamaza nikimwita mzinzi mezani?

Mama akapangusa mikono. Naandika kama alivyosema, nisije nikampamba.

"Usiku... hapana, asubuhi yake nilimwambia basi. Watu wa watu umewaosha vya kutosha, sasa mtoto wako anakupotea. Chagua. Akachagua. Jumanne tatu alikaa nyumbani. Wewe hukumtazama hata mara moja. Jumanne ya nne nikatoka kumwaga maji, nikamkuta mke wa yule aliyeungua amesimama getini. Hakuomba. Hakusema kitu. Amesimama tu na taulo mkononi. Nikaingia ndani nikachukua funguo nikamtupia baba yako. Nikamwambia nenda. Kwa hiyo kama unatafuta wa kumkasirikia, Yeon-hui, yupo hapa anatia chumvi kabichi."

Nikachukua kisu nikaanza kukata figili. Tumekata ndoo nzima.

Hakuwa mtakatifu, akaongeza baadaye. Alikuwa anakoroma, alikuwa anasahau siku yangu ya kuzaliwa, na kila mgeni kwake alikuwa muhimu kuliko chakula changu. "Hayo nayo uyaandike."

Jumapili, 26 Januari

Kaka amekuja kwa ajili ya mwaka mpya, na bahasha. Kuna kampuni inataka kiwanja cha bafu, iweke maegesho. Sahihi ni Jumatatu, tarehe tatu, baada tu ya sikukuu.

Nikamweleza habari za Jumanne. Aliigeuzageuza bahasha mikononi. Nilidhani imemwingia. Kisha akasema, "Kwa hiyo huyo ndiye niliyekuwa namsubiri tukavue samaki." Akatoka kuvuta sigara. Miaka kumi alikuwa ameacha.

Aliporudi tukagombana kwelikweli. Nani atawasha boila saa kumi alfajiri — wewe, mwalimu? Mama ana magoti mabovu. Mimi nina watoto. Kila asemalo ni kweli, ndiyo maana nilipiga kelele zaidi.

Mama: "Zozaneni taratibu, majirani wanakula."

Jumatatu, 27 Januari

Bwana Pyo kapiga simu. Fundi wa kibao anasubiri. Nikiandika habari za Jumanne, ninawaanika watu waliomwamini. Nisipoandika, kibao kitakuwa cha mtu mwingine. Nikamwambia kesho.

"Kesho ya lini? Chuma hakichongwi kwa kesho."

Jumanne, 28 Januari

Naandika nimeketi kwenye benchi la viatu, daftari juu ya goti. Nina dakika chache.

Tulikuja asubuhi mimi na kaka kuhesabu vitu vya kuondoa. Tukakuta watu mlango wa nyuma. Saba. Bibi Ham mbele yao, mikono kiunoni. Hakuna aliyewaita, ati wamejaribu bahati, kwa sababu ya mwaka mpya. Mmoja alikuwa amefunga skafu mpaka machoni. Mwingine kabebwa kwa toroli la soko, kafunikwa blanketi.

Kaka akasema hapana. Kwa upole, lakini hapana. Boila imezimwa wiki mbili, bomba huenda limepasuka kwa baridi, na sisi si —

"Wewe ndiye Jun-mo?" akauliza yule wa torolini. "Uliyevunjika jino kwa baiskeli? Baba yako alitusimulia. Alitusimulia kila kitu chenu. Dada yako kinanda alipiga wimbo gani vile — alituimbia wiki nzima, kaukosea kila mahali."

Aliusikia wapi? Nani alimwimbia, kama si Mama?

Kaka akaingia chumba cha boila, bila kuvua koti. Tukasikia anatukana chuma. Nusu saa. Halafu ule mngurumo.

Mimi nimemsaidia Bibi Ham. Nimemwosha mama yule aliyekatwa matiti. Sikujua nitazame wapi, akaniambia, "Tazama mgongo, huo mzima." Tukacheka wote wawili. Ngozi ya mtu ni nyepesi kuliko nilivyofikiri, na ni nzito pia.

Kutoka upande wa wanaume nasikia mzee wa torolini akipiga kelele: taratibu, unanichuna kama kiazi! Baba yako hakukufundisha kitu? Na sauti ya kaka: "Hakunifundisha, mzee. Alikuwa hapa na wewe." Kisha mzee, chini kidogo: "Basi nitakufundisha mimi. Anza begani."

Wanatoka sasa. Nywele zinafuka mvuke. Kaka yupo mlangoni, suruali imekunjwa mpaka magotini, uso mwekundu, macho pia. Simu yake inaita mfukoni — wale wa maegesho, nadhani, ni saa waliyosema watapiga. Haipokei wala haizimi.

Mwenye skafu ndiye wa mwisho. Anavaa viatu hapa kando yangu, polepole. Anauliza, haelekezi swali kwa yeyote:

"Jumanne ijayo ni saa ngapi?"

Jumanne ijayo ni tarehe nne, siku moja baada ya ile sahihi. Kaka ananitazama mimi. Mimi namtazama yeye.